Fahamu: Chakula kinapogeuka adui

Februari 4, 1983, mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter alifariki dunia akiwa na miaka 32. Moyo wake ulishindwa kufanya kazi baada ya miaka ya kujinyima chakula. Kifo chake kiliwafanya wengi walisikie jina la anoreksia kwa mara ya kwanza.

Ni ugonjwa gani huu?

Ni ugonjwa wa akili, si maringo wala ukaidi. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amekonda. Mwenye bulimia, ugonjwa unaofanana nao, hula kupita kiasi kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hunywa dawa ili aharishe. Magonjwa haya huwapata wanawake na wanaume, wembamba na wanene.

Dalili zake ni zipi?

Kukwepa kula na wengine, kukimbilia chooni kila baada ya mlo, hedhi kukatika, kuzimia. Kutapika mara kwa mara humomonyoa meno na kupunguza potasiamu mwilini, na hapo mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Je, hupona?

Ndiyo, wengi hupona. Tiba huwahitaji daktari, mtaalamu wa lishe na mshauri wa kisaikolojia. Kwa vijana wenye anoreksia, wazazi hufundishwa kusimamia milo nyumbani. Safari huchukua miezi, hata miaka, na kuteleza si kuanguka.

Ukimshuku ndugu yako, usimwambie "kula tu" wala usiuseme mwili wake. Msikilize, kisha mpeleke hospitali mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.