Mnara wa Rugomora Mahe: Simulizi na Udongo wa Katuruka

Wanafunzi wa Agano la Kale wanalifahamu swali hili: simulizi ya kale ikitaja mahali, na mahali hapo pakichimbwa, je, udongo utaithibitisha simulizi au utaikanusha? Mfano unaotolewa mara nyingi ni Troy, mji ulioimbwa na Homer. Sisi tutaanzia karibu zaidi, Katuruka, jirani na Maruku, mkoani Ziwa Magharibi ya zamani, yaani Kagera ya leo.

Wazee husimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe wa Wahinda, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka. Mahali pa kazi ile palitambulikana kwa mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Mchungaji asikiapo hayo huikumbuka Babeli mara moja, na pengine huishia hapo. Tunadhani ni haraka mno.

Mwaka 1970 Peter Schmidt, mtaalamu kutoka Marekani, akifuata maelekezo ya wazee, alichimba karibu na Kaiija. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe. Makaa yalipopimwa yalionyesha umri wa miaka 2000 na zaidi. Basi wahunzi walifua chuma pale karne nyingi kabla ya Rugomora.

Je, wazee walikosea? Kuhusu mfalme, ndiyo. Kuhusu mahali, sivyo kabisa. Schmidt alieleza kwamba watawala wapya walijiweka penye heshima ya wahunzi wa kale ili heshima hiyo iwe yao. Huko Troy, nchini Uturuki, Heinrich Schliemann alifukua dhahabu mwaka 1873 akaiita hazina ya Mfalme Priam, kumbe ilitangulia zama za vita vile kwa miaka 1000 hivi. Kosa ni lilelile, ila huko aliyekosea ni msomi, si msimulizi.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, wakitumia makaa na nyasi za bwawani zilizochomwa. Walifanya kwa kukumbuka, maana chuma cha Ulaya kilikuwa kimekwisha kuwaachisha kazi hiyo tangu ujana wao. Tangu hapo, katika sharika za Bukoba na Muleba, tumewazika wazee wengi wa rika lile, na ni wachache mno kati yao tuliowauliza lolote juu ya chuma.