Mchele wa Mama Mdogo na Mpaka wa Kabanga

Mama mdogo amenipigia simu kutoka Kabanga. Anaomba mtaji wa kuongeza magunia ya mchele avushe Kobero, upande wa Burundi. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, si walisema ushuru umeondolewa? Mbona mpakani bado tunaulizwa?"

Uliondolewa kweli. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Julai 2009 zikaingia kwenye Umoja wa Forodha ambao Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimeuanza mwaka 2005. Kwetu wilayani Ngara, iliko Kabanga, lilikuwa jambo kubwa. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, watu wameoana ng'ambo na ng'ambo, na wakubwa wetu hawajasahau mwaka 1996, majirani walipoiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai. Vilidumu hadi Januari 1999.

Lakini kilichosamehewa ushuru ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya. Ya nje hukutana na viwango vya pamoja: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 kipo cha 35. Mchele umo kwenye kundi nyeti, asilimia 75. Sasa weka gunia la Kahama kando ya gunia la Pakistani. Moja halidaiwi ushuru wa forodha, jingine linadaiwa robo tatu ya thamani yake, na punje zenyewe hazisemi zimetoka wapi. Karatasi ndiyo inayosema.

Tena viwango havikai. Kila bajeti ya Juni nchi mwanachama huweza kuomba itumie kiwango chake kwa mwaka mmoja. Nchi moja ikiingiza sukari ya nje kwa nafuu, jirani huanza kuitilia shaka sukari yote itokayo huko. Tanzania, Kenya na Uganda zimeshavutana kwa hilo. Anayeumia kwanza ni mchuuzi, kwa sababu habari humfikia akiwa tayari foleni.

Nimemweleza mama mdogo kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa hapo hapo mpakani, na kwamba kodi nyingine zinahesabiwa mbali na ushuru huu. Asipite njia za panya. Mtaji nimeutuma, na nimemwomba atunze risiti ya mashineni anakonunua mchele.