Je, Wajua? Sponji wa Mbudya na Metali za Jiji

Je, wajua kuwa sponji wa baharini ni mnyama? Hana ubongo, hana moyo, hana tumbo wala mishipa ya fahamu. Anavuta maji kupitia vitundu vidogo vya mwili wake, ananasa chembe zilizomo, kisha anayatoa kupitia tundu kubwa zaidi. Spishi zaidi ya 9,000 zimeshapewa majina ya kisayansi.

Kilo moja ya sponji inaweza kuchuja hadi lita 24,000 kwa siku. Ukichukua boza la lita 10,000, kama yale yanayouza maji Goba na Mbagala, hayo ni maboza mawili na karibu nusu, kila siku, bila pampu.

Na je, wajua kuwa sponji haishi peke yake? Kwa baadhi ya spishi, vijidudu vinavyoishi ndani yake vinafikia theluthi ya uzito wake au kupita. Humo mna bakteria, na mna arkea, viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo lakini vya ukoo mwingine kabisa. Vingi havipatikani kwa urahisi kwenye maji ya kawaida.

Vijidudu hivyo si wapangaji wa bure. Baadhi ya arkea hugeuza amonia, ambayo ni taka ya sponji mwenyewe, kabla haijarundikana na kumdhuru. Bakteria wengine hutengeneza kemikali kali zinazomlinda mwenyeji wao dhidi ya walaji. Sponji hawezi kukimbia wala kuuma, kwa hiyo kemikali hizo ndizo ngao yake.

Dawa ya sitarabini, inayotibu saratani ya damu, ilizaliwa kutokana na kemikali zilizogunduliwa ndani ya sponji wa bahari za Florida miaka ya 1950. Ilipata kibali cha matumizi Marekani mwaka 1969.

Sponji wetu wako wapi? Wako kwenye miamba ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, mbele ya fukwe za Kinondoni, maeneo yaliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Wako pia upande wa kusini, Sinda, Makatumbe na Kendwa, visiwa vilivyohesabiwa kuwa vya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya. Wanaokwenda Mbudya Jumapili kula samaki wa kukaanga wanaogelea juu yao bila kujua.

Maji ya jiji nayo yanaishia kwenye bahari hiyohiyo. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita kwenye viwanda, machinjio na makazi, na unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Upande wa Temeke, mito ya Kizinga na Mzinga inamwaga maji yake kwenye hori la Mtoni, jirani na bandari. Kila mvua ya masika inafagia barabara, gereji na majalala, na yote yanaishia humo: vumbi la risasi la betri za gari zilizopasuliwa, zinki ya mabati, kromiamu ya viwanda vya ngozi, shaba ya nyaya zilizochomwa ili iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mwaka 1999, Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya kadimiamu, shaba, risasi na zinki kwenye mboga zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, mchicha ukiwamo. Mwaka 2001 kundi jingine la watafiti lilichapisha vipimo vya tope la mikoko minne ya Dar es Salaam, na likapima pia metali zilizokusanyika kwenye mwili wa konokono anayepanda mikoko hiyo. Kwa hiyo habari ya metali si uvumi wa vijiweni. Imo kwenye majarida ya kisayansi kwa zaidi ya miaka 20.

Metali haiozi. Plastiki hupasuka vipande vipande, mafuta huliwa na bakteria, lakini risasi itabaki risasi. Inazama kwenye tope na kutulia, na siku tope likitibuliwa, kwa mafuriko au kwa kuchimba kina cha bandari, sehemu yake inarudi majini.

Shaba na zinki mwili unazihitaji kwa kiasi kidogo sana. Risasi na zebaki hazina kazi yoyote mwilini.

Sasa je, wajua shaba inawafanya nini wapangaji wa sponji? Hapa inafaa tutulie kidogo. Mwaka 2001 Nicole Webster na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio juu ya sponji wa Mwamba Mkuu wa nchi hiyo, aitwaye Rhopaloeides odorabile. Waliwaweka sponji kwenye maji yenye viwango tofauti vya shaba, wakahesabu vijidudu. Kwenye mikrogramu 1.7 tu kwa lita, baada ya siku 14, idadi ya bakteria ilikuwa imeshuka kwa kiasi kinachoonekana wazi. Kiwango hicho ni chini ya gramu mbili za shaba zikigawanywa kwenye maboza 100.

Wakapandisha hadi mikrogramu 19.4. Baada ya siku 14, aina za vijidudu zilizotambuliwa kwa vipimo vya vinasaba zilikuwa zimepungua kwa asilimia 46. Arkea, ambao kwa kawaida hujaa ndani ya sponji huyo, hawakuonekana tena. Sponji wenyewe walikuwa wamekusanya miligramu 306 za shaba kwa kila kilo ya mwili. Na walikuwa hai! Hawakufa, hawakuoza. Mzamiaji angewatazama, angesema wazima, apige picha na kupanda juu.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu miamba yetu. Tumezoea kusubiri samaki waelee ndipo tuseme bahari imechafuka. Kwa sponji wa Webster, uharibifu ulikuwa umeshaingia ndani kabisa wakati wenyewe wangali hai.

Kwenye mikrogramu 223 hali ilikuwa nyingine. Ndani ya saa 48 nyama ya sponji ilikuwa imekufa kwa kiasi kikubwa.

Si vijidudu vyote vilivyopungua. Vichache vilibaki kwa idadi ileile, na aina moja iliongezeka. Bakteria wastahimilivu wana mbinu zao: wengine wana pampu kwenye utando wa seli zinazosukuma metali nje, wengine huifunga kwenye protini, na wapo wanaogeuza zebaki kuwa mvuke unaotoroka.

Mwaka 2009 Joseph Selvin na wenzake walitenga bakteria sugu wa metali kutoka kwenye sponji wa kusini mwa India, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, wakapendekeza bakteria hao watumike kama kipimo cha uchafuzi. Ugumu ni kwamba vinasaba vya usugu wa metali mara nyingi husafiri pamoja na vinasaba vya usugu wa dawa za antibayotiki. Maji yenye metali yanaweza kuwalea bakteria wasiosikia dawa, hata pale ambapo hakuna aliyemwaga dawa.

Je, wajua kuwa kuna bakteria anayeweka sumu ghalani? Sponji Theonella swinhoei, anayeishi Bahari ya Shamu, Bahari ya Hindi na Pasifiki, hubeba aseniki nyingi mno mwilini. Mwaka 2017 Ray Keren na wenzake walionyesha kuwa bakteria wake, Entotheonella, huikusanya aseniki hiyo pamoja na bariamu na kuifanya madini kwenye vifuko vilivyo ndani ya seli zake. Mgeni mmoja asiyeonekana kwa macho ndiye anayemwokoa mwenyeji. Akiondoka huyo, sijui nani atashika zamu.

Lakini nisiwatishe kupita kiasi. Mwaka huohuo wa 2017, watafiti waliolinganisha sponji mwekundu Crambe crambe ndani na nje ya bandari chafu ya Blanes, Hispania, walikuta vijidudu vyake havitofautiani sana. Sponji mmoja anavunjika, mwingine anahimili. Ndiyo maana matokeo ya Australia au Hispania hayawezi kutusemea sisi.

Shaba haitoki nchi kavu pekee: meli nyingi hupakwa tumboni rangi yenye shaba ili viumbe visiote. Mabaharia wetu wa majahazi walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Rangi zenye kampaundi hatari za bati zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Za shaba bado zipo.

Ng'amba hula sponji. Metali iliyokusanywa na sponji basi ina njia ya kuingia kwa kasa huyo, ambaye tayari yumo hatarini kutoweka.

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi. Mbudya iko kaskazini mwa bandari, kaskazini mwa hori la Mtoni, kaskazini mwa mdomo wa Msimbazi. Uchafu wa Temeke hauna sababu ya kuheshimu mpaka wa Kinondoni.

Jambiani, Unguja, akina mama wanafuga sponji wa kuogea kwenye kamba baharini na kuwauza. Kwao maji safi ni mtaji.

Njia ya kujua hali ya sponji wetu ipo. Kukata kipande kidogo cha sponji hakumuui. Sehemu iliyokatwa huota tena. Kipande hicho kinatosha kusoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Kunduchi, na kutoka hapo Mbudya inaonekana kwa macho. Sampuli za Mbudya, za Sinda na za mwamba wa mbali usiofikiwa na maji ya jiji, zikichukuliwa kabla ya masika na baada yake kwa miaka michache mfululizo, zingetuambia kama arkea wa sponji wetu bado wapo.