Ngumi ya Shuleni na Kofi la Nyumbani

Kijana wa kidato cha pili ampigapo mwenzake hata kumtoa damu, desturi yetu ni kumwita mzazi. Mzazi wa Mpale, aishiye juu milimani wilayani Korogwe, huacha jembe lake akashika njia. Afikapo shuleni, kabla hajaketi wala kuulizwa neno, pengine humzaba mwanawe kofi mbele ya walimu. Waliopo huridhika, wakamwona mzazi hodari. Lakini kijana amekwisha kufundishwa tena somo lile lile lililomleta pale: mwenye nguvu akikasirika, hupiga.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtaalamu Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Baadaye watoto hao walimpiga mwanasesere yule kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa, tena kwa mitindo ile ile waliyoiona. Wale walitazama dakika chache tu. Kijana wetu ametazama miaka kumi na mitano.

Hapa nchini, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Na wengi wa watendaji walikuwa jamaa zao na walimu. Sisi tuliolelewa kwa fimbo twapenda kusema kuwa ilitufanya watu. Ni kweli tulinyamaza. Lakini kunyamaza si kutulia.

Kanuni za shule za mwaka 2002 ziliweka mwisho wa viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, navyo viandikwe kitabuni. Nyumbani hakuna hesabu wala kitabu.

Wala si fimbo peke yake. Baba afanyaye kazi ya mkonge huko bondeni hurudi mwisho wa mwezi, na akirudi amelewa, mama ndiye aipokeaye hasira yake. Kijana huyaona yote, akaenda shuleni Jumatatu akiwa kimya, mpaka mwenzake amkanyage mguu kwa bahati mbaya.

Basi mwalimu amwitapo mzazi, na amketishe kwanza, ampe maji, kijana atoke nje. Ndipo aulize nyumbani kuna nini. Swali hilo mzazi hawezi kulijibu mwanawe akimtazama.