Tezi Inayopepeta Kinga ya Mwili

Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950, madaktari nchini Marekani waliwapiga mionzi ya eksirei maelfu ya watoto wachanga waliokuwa na afya njema. Sababu ilikuwa thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Picha zilionyesha kuwa thimasi za watoto hao ni kubwa, na madaktari waliamini kwamba tezi ya ukubwa huo ingeweza kubana njia ya hewa na kumuua mtoto ghafla. Kumbe ukubwa huo ndio wa kawaida. Maiti zilizokuwa zikipasuliwa kwenye vyuo vya udaktari, ambazo ndizo zilizowapa madaktari kipimo chao, nyingi zilikuwa za watu maskini waliougua muda mrefu na kukosa chakula, na maradhi na njaa huifanya thimasi inywee. Kilichonywea kikachukuliwa kuwa cha kawaida, na kilicho kizima kikaitwa ugonjwa. Ilipofika mwaka 1950, ripoti zilianza kuonyesha kwamba baadhi ya waliopigwa mionzi utotoni walikuwa wakipata saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni.

Wakati ule hakuna aliyejua kwa uhakika thimasi inafanya kazi gani. Mnyama aliyekomaa akiondolewa tezi hiyo, haonekani kupungukiwa na kitu. Wataalamu wengi waliiona kuwa mahali tu ambapo seli nyeupe za damu zinakwenda kufia.

Aliyegeuza mawazo hayo ni Jacques Miller, mtafiti aliyezaliwa Ufaransa na kusomea Australia. Akiwa katika Taasisi ya Chester Beatty, London, alikuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa panya. Ili kujua mchango wa thimasi katika ugonjwa huo, aliwapasua panya wadogo punde tu baada ya kuzaliwa na kuitoa tezi. Panya hao walikua vizuri kwa wiki kadhaa, kisha wakaanza kukonda, kuharisha na kufa kwa maambukizi. Damu yao ilikuwa na limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, chache mno. Alipowapandikiza kipande cha ngozi cha panya wa ukoo mwingine, miili yao ilikipokea kana kwamba ni chao wenyewe. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1961 katika jarida la The Lancet. Miaka saba baadaye, huko Melbourne, yeye na Graham Mitchell walionyesha kwamba limfosaiti ni za aina mbili zinazoshirikiana: zinazotokana na uboho wa mifupa, ambazo hutengeneza kingamwili, na zinazopitia kwenye thimasi, ambazo leo tunaziita seli T.

Ikaeleweka pia kwa nini mnyama aliyekomaa haonekani kudhurika. Seli T huishi muda mrefu, na akiba yake kubwa huwekwa mapema maishani. Anayeipoteza thimasi ukubwani anayo akiba hiyo. Anayeipoteza siku ya kuzaliwa hana kitu.

Seli zinazoingia kwenye thimasi hutoka kwenye uboho wa mifupa zikiwa hazijaamuliwa zitakuwa nini. Ndani ya tezi hukutana na protini zinazogusa kipokezi kiitwacho Notch, na mguso huo huziambia ziwe seli T. Hapo kila seli huanza kufanya jambo la hatari: inakata vipande vya jeni zake yenyewe na kuviunga upya kwa kubahatisha, ili kutengeneza kipokezi chake cha pekee. Bahati nasibu hii ina faida kubwa. Mwili haujui kesho utakutana na virusi gani, kwa hiyo hutengeneza vipokezi vya mamilioni ya maumbo kabla ugonjwa haujafika. Lakini vipokezi vilivyotengenezwa kwa kubahatisha vinaweza pia kuunasa moyo, kongosho au ngozi ya mwenye mwili.

Ndiyo maana kila seli hujaribiwa. Kipokezi cha seli T hakivioni virusi vyenyewe. Huona vipande vidogo vya protini vilivyoshikiliwa juu ya seli nyingine na molekuli maalumu, jambo ambalo msingi wake uligunduliwa Canberra na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty na kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Ndani ya thimasi vipande vinavyoonyeshwa ni vya mwili wenyewe. Seli changa ambayo kipokezi chake hakishiki chochote haipati ishara yoyote, na hufa baada ya siku chache. Inayoshika kwa nguvu nyingi ni hatari kwa mwili, nayo kwa kawaida huamriwa kufa. Inayoshika kidogo, kiasi cha kuthibitisha kwamba kipokezi chake kinafanya kazi, huruhusiwa kuishi. Apepetaye mchele kwa ungo hufanya kazi ya namna hii: makapi mepesi hupeperuka, changarawe huokotwa na kutupwa, na mchele hubaki. Tofauti ni kwamba kwenye thimasi kinachotupwa ndicho kingi. Thimasi ya panya mchanga huzalisha seli kiasi cha milioni 50 kwa siku, na zinazotoka zikiwa hai ni milioni moja au mbili tu.

Hapa ndipo palipo na swali lililowashughulisha watafiti kwa miongo mingi. Kipokezi ni kilekile kimoja. Kinawezaje kuiambia seli hii iishi na ile ife?

Jibu liko katika mfululizo wa ishara unaoanzia kwenye utando wa seli. Kipokezi chenyewe hakina kimeng'enya, hutegemea wenzake. Kinaposhika kipande cha protini, kimeng'enya kiitwacho Lck husogea karibu na kubandika fosfeti kwenye mikia ya protini zilizoungana na kipokezi. Fosfeti hizo hukivutia kimeng'enya kingine, ZAP-70, kilichotambuliwa katika maabara ya Arthur Weiss huko San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1990. ZAP-70 nacho hubandika fosfeti kwenye protini ya LAT, na kutoka hapo njia hugawanyika. Mojawapo huiruhusu kalisi iingie ndani ya seli, na kalisi huamsha kimeng'enya cha kalsinurini, ambacho huruhusu protini nyingine kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Kila hatua huchukua muda. Mshiko dhaifu huachia kabla mfululizo haujafika mbali, na mshiko imara huufikisha mwisho. Kwa hiyo seli hupima uzito wa mguso kwa kudumu kwake. Katika seli changa ya thimasi, ishara ndogo inayodumu huleta uhai, na ishara kali huongeza protini iitwayo Bim, ambayo huiua seli.

Seli ikishakomaa na kutoka kwenye thimasi, maana ya ishara hubadilika. Ishara kali ambayo ingeiua utotoni sasa huiambia igawanyike na kupambana. Watoto wachache wanaozaliwa bila ZAP-70 inayofanya kazi, waliotambuliwa mwaka 1994, walituonyesha uzito wa kiungo hiki kimoja: karibu hawana kabisa seli T za aina ya CD8, na zile za CD4 walizo nazo haziitikii kipokezi chake kinapoguswa. Kwa upande mwingine, elimu hiyohiyo inaokoa maisha. Mgonjwa aliyepandikizwa figo, awe Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, mara nyingi humeza takrolimasi au siklosporini. Dawa hizo mbili huzuia kalsinurini, ili seli T zisiishambulie figo ngeni.

Lilibaki fumbo jingine. Insulini hutengenezwa kwenye kongosho. Seli inayojaribiwa kifuani itajuaje kwamba insulini ni ya nyumbani? Mwaka 2002 kundi la Diane Mathis na Christophe Benoist huko Boston lilieleza kazi ya protini ya Aire, inayoziwezesha baadhi ya seli za thimasi kutengeneza kiasi kidogo cha protini za viungo vingine, ili seli T zipimwe dhidi yake. Watu waliorithi kasoro ya jeni ya Aire, ugonjwa unaoonekana zaidi Finland na Sardinia, hushambuliwa na kinga yao wenyewe katika tezi kadhaa za mwili.

Hata hivyo upepetaji haukamiliki, na baadhi ya seli hatari hupenya. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alitambua kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakichunguza panya waliokuwa wakifa kwa kinga kujishambulia, waligundua jeni ya FOXP3, ambayo baadaye ilithibitika kuwa ndiyo inayozitawala seli hizo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Kutoka Miller hadi kwao, somo ni lilelile: nguvu ya kinga imo katika kujizuia kama ilivyo katika kushambulia, na vyote viwili hufundishwa ndani ya thimasi.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua CD4 kutoka kliniki. Ni protini iliyo juu ya seli T wasaidizi, na ndiyo mlango ambao VVU hupitia. Idadi ya seli hizo ikishuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, maradhi nyemelezi hupata nafasi. Mtu akianza dawa za VVU, CD4 hupanda, na sehemu ya seli hizo mpya hutoka kwenye thimasi. Ndiyo sababu mojawapo ya vijana kupona vizuri zaidi: thimasi hunywea kadiri miaka inavyosonga. Lakini haiishiwi na kazi. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa kifua. Miaka mitano baadaye, asilimia 8.1 ya walioondolewa thimasi walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 2.8 ya wenzao.

Kwetu hapa jambo kubwa zaidi ni chakula cha mtoto. Katika vijiji vya Gambia, watafiti walipima thimasi za watoto wachanga kwa ultrasaundi na kukuta ni ndogo zaidi katika msimu wa njaa. Huko Bolivia, watoto waliotibiwa utapiamlo mkali walirudisha uzito katika muda wa kama mwezi mmoja, lakini thimasi zao zilihitaji kama miezi miwili, na nyongeza ya madini ya zinki iliharakisha kupona kwake.

Katika vituo vyetu mtoto hupimwa kwa mizani na kwa utepe wa mkononi, na vipimo hivyo vikiridhisha huruhusiwa kwenda nyumbani. Thimasi haipimwi. Kwa hiyo anayeonekana amepona anaweza kuwa anarudi kwenye malaria, surua na kuhara akiwa na kinga ambayo bado inajijenga. Lishe yenye zinki, chanjo na ufuatiliaji wa mhudumu wa afya visikatizwe siku anapotoka wodini, na mama mjamzito asisahaulike, kwa maana thimasi huanza kazi mtoto akiwa bado tumboni. Seli T ambazo mtoto huyo atazitegemea akiwa na miaka 40, nyingi zake zinachaguliwa sasa, na zinachaguliwa vizuri pale tu tezi inapokuwa imeshiba.