Septemba Kaskazini, Novemba Kusini

Asubuhi ya Oktoba 12, 2019, mwanariadha wa Kenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 katika bustani ya Prater mjini Vienna. Mamilioni ya watu walitazama saa na miguu yake. Wachache waliitazama miti, ingawa nayo ilikuwa sehemu ya mpango. Waandaaji waliichagua barabara ile, iitwayo Hauptallee, kwa kuwa ni tambarare na imenyooka, na safu za miti mirefu huikinga dhidi ya upepo. Hewa ya Oktoba mjini humo ni ya ubaridi unaomfaa mkimbiaji, na saa za Vienna wakati huo zinapishana na za Kenya kwa saa moja tu. Hata siku yenyewe hawakuing'ang'ania: walitenga kipindi cha Oktoba 12 hadi 20, wakasubiri utabiri wa hali ya hewa, ndipo wakaamua.

Msafiri anayetaka kutembelea Ulaya majani yanapopukutika angefanya vyema kufuata utaratibu huo. Wengi huanza na mji wenye sifa, Paris au Roma au Amsterdam, kisha tarehe ikaangukia popote likizo itakaporuhusu. Katika miezi ya Juni na Julai hilo halina madhara makubwa. Kuanzia Septemba hadi Novemba mambo hubadilika upesi mno, kiasi kwamba mji uleule unaweza kuwa wa kupendeza wiki hii na wa kiza na matope baada ya wiki nne. Kwa hiyo kinachostahili kuamuliwa kwanza ni wiki ya safari, na mji ufuate.

Sababu kubwa ni mwanga. Mtu aliyezoea Mombasa au Mwanza, ambako mwaka mzima jua huchomoza na kuzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, hupata tabu kuamini jinsi siku za kaskazini zinavyosinyaa. Mjini Stockholm mchana hupungua kwa takriban dakika tano kila siku katika majira haya, yaani zaidi ya nusu saa kwa wiki. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja karibu Ulaya yote, na jioni zikakatika ghafla. Kufikia mwisho wa Novemba, jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mgeni aliyeamka saa nne, akanywa chai taratibu na kuingia jumba moja la makumbusho, akitoka anakuta taa za barabarani zimeshawaka.

Mwanga huohuo ndio unaoiambia miti kwamba wakati umefika. Siku zikifupika, majani huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo ikavunjwavunjwa. Njano iliyokuwa imefichika chini yake hujitokeza. Wekundu wa baadhi ya miti hutengenezwa upya wakati huo, na hukolea zaidi pale ambapo mchana una jua na usiku una baridi isiyofikia kuganda. Mabadiliko haya huanza kaskazini na milimani, kisha hushuka kuelekea kusini wiki baada ya wiki. Anayeyafuata kwenye ramani ana nafasi ya kuyaona kwa miezi mitatu.

Septemba basi iwe ya kaskazini. Helsinki ni mfano mzuri, kwa kuwa msitu uko karibu mno na mji. Kutoka kituo kikuu cha treni mtu hupanda treni hadi Espoo, akaunganisha basi, na kabla ya saa mbili kupita yuko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nuuksio, kati ya maziwa na misonobari. Sheria za Finland zinamruhusu kila mtu, mgeni akiwemo, kuchuma matunda madogo ya porini na uyoga katika misitu mingi, hata ile ya watu binafsi, mradi asiharibu mazingira wala kusogelea nyumba za wenyewe. Uyoga lakini ni wa wanaoujua; mgeni abaki na matunda. Mapema Oktoba, wavuvi hutia nanga kwenye soko lililo bandarini na kuuza samaki aina ya heringi, wabichi na waliokolezwa kwa viungo. Soko hilo la msimu limekuwepo tangu 1743.

Oktoba ni ya miji ya katikati, na hapo Vienna inastahili kupewa siku za kutosha. Huo ni mji mkuu wenye mashamba ya mizabibu ndani ya mipaka yake. Tangu 1784, kwa amri ya mfalme Joseph wa Pili, wakulima wake wamekuwa na haki ya kuuza mvinyo wao wenyewe nyumbani kwao, na desturi hiyo ingali hai katika vitongoji kama Grinzing na Nussdorf, mwendo wa tramu kutoka katikati ya mji. Zabibu zinapovunwa hupatikana kinywaji cha wiki chache tu kiitwacho Sturm. Ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, yenye ukungu na ladha tamu, na kilevi chake si haba. Kwa kuwa bado kinatoa gesi, chupa yake haizibwi sawasawa. Kifuniko huwekwa juujuu ili isipasuke, na mnunuzi sharti aibebe wima hadi nyumbani. Asiyetumia pombe hupewa maji ya zabibu yaliyokamuliwa msimu huohuo, na meza za nje zenye kutazama mizabibu iliyogeuka njano ni za wote.

Msimu wa opera nao huanza upya Septemba. Jumba la Opera la Taifa huuza tiketi za kusimama kwa bei nafuu sana ukilinganisha na viti vya mbele. Anayewahi hufunga skafu kwenye reli iliyo mbele yake kuonyesha kwamba pale pana mwenyewe, akatoka kwenda kunyoosha miguu, na wenzake wataiheshimu. Barabarani, vibanda vya njugu kubwa za chestinati huanza kuchoma kuanzia Oktoba. Wauzaji huchoma na viazi humohumo, na pakiti moja hupasha mikono joto kuliko glovu. Ukipungukiwa na mambo ya kufanya, Bratislava iko umbali wa saa moja kwa treni, na Budapest chini ya saa tatu. Huko Budapest, mabwawa ya nje ya Széchenyi, bafu za umma zilizofunguliwa 1913, hupendeza zaidi hewa inapopoa na mvuke ukawa mnene juu ya maji ya moto.

Kalenda ya wenyeji nayo iangaliwe. Sherehe ya bia ya Munich huitwa ya Oktoba, lakini sehemu kubwa yake ni Septemba, na bei za hoteli katika siku hizo hupaa. Shule za Ufaransa hufunga kwa wiki mbili kati ya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, na za Uingereza hupumzika wiki moja kipindi hichohicho. Novemba 1 ni sikukuu ya Watakatifu Wote huko Austria, Uhispania, Ureno na Ufaransa. Maduka mengi hufungwa.

Novemba, njia ielekee kusini. Seville, ambako Julai joto linaweza kupita nyuzi 40, huwa na mchana wa nyuzi 20 hivi, na jua huzama karibu saa kumi na mbili na robo jioni. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atavutiwa na mnara wa Giralda, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 12 kama mnara wa msikiti. Ndani hauna ngazi kwa sehemu kubwa, bali njia za mteremko 35, pana kiasi cha kumwezesha mwadhini kupanda akiwa juu ya farasi. Cordoba, wenye msikiti mkuu ulioanza kujengwa 785 na ambao leo ni kanisa kuu, uko chini ya saa moja kwa treni ya kasi. Mwavuli ubebwe, maana mvua hurudi mwezi huo. Lisbon nako mvua hunyesha, hata hivyo Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, mji mzima hula chestinati zilizochomwa kwa chumvi hadi maganda yakawa meupe.

Venice inahitaji tahadhari. Novemba 12, 2019 maji yalipanda hadi sentimita 187 na kuingia makanisani na madukani. Tangu Oktoba 2020 malango 78 ya chuma huinuliwa kuzuia bahari inapotarajiwa kujaa sana, ila sehemu za chini kama uwanja wa San Marco zinaweza kulowa hata kwa mafuriko madogo.

Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, inayomruhusu kuzunguka nchi 29. Uingereza na Ireland hazimo. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya kuondoka. Anayelenga Oktoba atafute miadi Mei au Juni, kabla wanafunzi wanaokwenda kuanza masomo hawajazijaza nafasi za Julai na Agosti.