Reale ya Maria Theresa: Mwaka Ulioandikwa na Umri wa Sarafu

Katika masanduku ya baadhi ya familia za pwani ya Afrika Mashariki imehifadhiwa sarafu kubwa ya fedha, yenye upana wa milimita 40 hivi. Upande mmja una sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Hiyo ndiyo reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Shamu, Uarabuni na Unguja katika karne ya 19. Aghalabu mwenye sarafu hiyo huamini kuwa ina umri wa zaidi ya miaka 200. Imani hiyo yaweza kumtia hasara anunuapo, na pia auzapo.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Kwa kuwa wafanyabiashara walikwisha kuizoea sarafu yake na kuikataa yenye sura nyingine, iliendelea kupigwa chapa bila kubadilishwa mwaka. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London, Bombay na kwingineko. Idadi yake yote hukadiriwa kupita milioni 300. Kwa hiyo mwaka 1780 ni sehemu ya pambo la sarafu, wala si cheti cha kuzaliwa kwake.

Hapana budi, basi, kuanza na uchunguzi wa madini. Reale halisi ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha. Zilizobaki karibu zote ni shaba. Sumaku haitoshi kuipima, kwani hugundua chuma na metali nyingine chache tu. Shaba na risasi haizivuti. Kipimo bora ni densiti, yaani tungamo la kila sentimita moja ya ujazo.

Maabara ya shule yaweza kuipima kwa kanuni ya Archimedes. Sarafu hupimwa kwanza ikiwa kavu. Kisha bilauri ya maji huwekwa juu ya mizani, na sarafu hutumbukizwa humo ikining'inia kwa uzi pasipo kugusa kitako. Gramu zinazoongezeka kwenye mizani ni sawa na sentimita za ujazo wa sarafu. Kwa reale halisi ongezeko ni 2.75 hivi, 28.07 ikigawanywa kwa 2.75 ni 10.2. Sarafu iliyochakaa hupungua uzito, lakini densiti yake haibadiliki. Ikiwa sarafu ina gramu 27.4 na ongezeko ni 3.2, densiti ni 8.6 tu: hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa fedha.

Hata hivyo, densiti huthibitisha madini, haithibitishi umri. Reale ya Vienna na ya Rome zina madini yale yale. Ili kuzitenganisha, mtaalamu hutumia kioo cha kukuzia: huhesabu manyoya ya mkia wa tai na lulu za bizimu ya begani, na kuchunguza maandishi ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, yenye maana ya "kwa haki na huruma".

Thamani ya msingi ni ile ya madini. Reale kamili ina gramu 23.4 za fedha tupu. Idadi hiyo ikizidishwa kwa bei ya fedha ya siku hiyo, mwenye mali hupata kima asichostahili kushuka chini yake. Nyingi haziuzwi kwa zaidi sana ya hapo. Chapa adimu, au sarafu yenye mwaka wa kabla ya 1780, yaweza kuuzwa kwa bei kubwa zaidi kwa wakusanyaji.

Mwisho, reale isisuguliwe kwa mchanga wala majivu. Weusi ulioifunika ni salfidi ya fedha, na chini yake zimo alama zile zile ndogo zinazoitambulisha. Anayeing'arisha kwa kuisugua hufuta ushahidi ambao mizani haiwezi kuurudisha.